Saini ya Violeth

Sura ya Tisa

Nianze na kasoro yangu kabla hujaisikia kwa watu: nina kiburi. Mama yangu anasema nilizaliwa nacho, baba anasema nilikiokota Kariakoo. Popote kilikotoka, Jumamosi ile ya Oktoba nilikuwa nimekivaa kama kawaida, ingawa nilikuwa nimetoka kitandani asubuhi hiyohiyo baada ya siku nne za malaria na miguu ilikuwa inanitetemeka kwenye ngazi. Niliwapita vijana wa dukani waliokuwa wakipanga majora ya vitenge, nikamwamkia Mzee Chandu kwenye kaunta, akaniitikia huku akimhudumia mteja wa Mbagala, nikapanda juu.

Juu ndiko ilikokuwa kafe yetu ya intaneti. Naiita yetu, ingawa jengo ni la Mzee Chandu na kafe ni ya mwanawe Jay, kwa sababu kila waya uliopita kwenye kuta zile niliupitisha mimi. Tulikuwa na kompyuta kumi na mbili kafeni, zote za mtumba, zilizoteremshwa bandarini kwenye kontena na kuuzwa kwa mafungu kama mashati ya Mchikichini. Ya kumi na tatu ilikaa chini ya ngazi ya kwendea paani, nyuma ya pazia, na mteja hakuruhusiwa kuigusa. Nilikuwa nimeiunga mwenyewe kutoka kwenye maiti tatu za kompyuta, na usiniulize nilivyoipenda.

Mashine ile ilikuwa ya Ukindu. Ukindu ni Linux, yaani mfumo mzima wa kuendeshea kompyuta ambao mtu hauziwi. Watu wa nchi nyingi wanausuka pamoja kwa kujitolea, kila mmoja na kipande chake, ndiyo maana ukapewa jina hilo. Programu zake zinawafikia watu zikiwa vifurushi. Mtu wa Lima, kule Peru, akiandika programu, hatumi chakula, anatuma mapishi. Mashine inayapokea mapishi yale yenyewe, inapika, inaonja, inafunga kifurushi, mtunzaji anakitia saini, nayo inakiweka mahali ambapo dunia nzima inaweza kuchukua. Mashine za namna hiyo zilikuwa nne tu. Tatu zilikuwa Ulaya na Brazili. Ya nne ilikuwa Kariakoo, Mtaa wa Uhuru, na mtunzaji wake alikuwa mimi, Violeth, binti wa kuli wa bandari.

Siri yake ni jiko tupu. Kabla ya kupika kila kifurushi, mashine inafuta kila kitu na kuanza upya. Hakuna chumvi iliyobaki juzi, hakuna kitunguu cha kuazima. Kama mwandishi wa mapishi amesahau kutaja chumvi, chakula kinagoma kuiva palepale na mimi naletewa habari. Wengi wanaona huo ni usumbufu. Mimi naona ndiyo heshima yenyewe, kwa sababu kilichoiva kwenye jiko tupu kitaiva kwa kila mtu, awe Lima au Liwale.

Saini nayo ilikuwa yangu. Kila kifurushi kilichotoka Kariakoo kilibeba jina langu, na ufunguo wa saini hiyo ulifunguliwa kwa neno la siri ambalo, kwa kanuni za Ukindu, linajulikana na mtu mmoja tu. Ukimpa mwingine unanyang'anywa ufunguo, na hakuna kikao cha kukutetea.

Mimi nilikuwa nimempa Jay.

Nilimnong'oneza mwezi wa tatu, kwenye pantoni, tukirudi kutoka Kigamboni. Alikuwa ameniomba nimwambie kitu ambacho sijawahi kumwambia mtu yeyote. Wasichana wengine wangesema nakupenda. Hilo nilikuwa nimeshalisema wiki mbili kabla, kwa hiyo nikamwambia neno la siri. Alicheka, akaona mimi sicheki, akanyamaza. Alinishika mkono na hakuuachia mpaka pantoni ilipogota Magogoni na watu wakaanza kutusukuma kutoka nyuma. Sijawahi kupendwa kama siku ile, na sijawahi kuwa mjinga kama siku ile.

Sasa turudi Jumamosi. Niliketi chini ya ngazi, nikafungua barua pepe, nikakuta sitini na mbili. Zote zilikuwa na lalamiko moja: tangu jana, waliochukua kifurushi kipya cha kuchapisha hawawezi tena kuchapa hata ukurasa mmoja. Ya mwisho ilikuwa ya sista mmoja wa Songea, mwalimu wa sekondari, aliyeniandikia kwa Kiswahili kwa kuwa aliliona jina langu. Alisema kwa upole kwamba wanafunzi wake wanaanza mtihani Jumatatu, karatasi hazijachapwa, na kifurushi kina saini yangu. Aliniita binti yangu. Hapo ndipo niliposikia homa ikitaka kurudi.

Ijumaa yote nilikuwa nimelala nyumbani kwetu Mchikichini chini ya mashuka mawili. Sikuwa nimetia saini chochote.

Nikafungua kumbukumbu za mashine. Mashine ilikuwa imesema kweli mwanzo hadi mwisho. Jumanne ilijaribu kupika kifurushi kile kikagoma. Jumatano kikagoma. Alhamisi kikagoma. Halafu Ijumaa, saa kumi na dakika ishirini, kikaingia kifurushi ambacho haikukipika yenyewe, kimeshaiva, kimefungwa, kina saini ya Violeth. Kilitoka kwenye kompyuta ya pili kutoka dirishani. Kompyuta hiyo hutumiwa na mtu mmoja tu.

Nilimsikia akipanda kabla sijamwona, maana Jay hupanda ngazi akiruka moja. Aliingia na mfuko wa machungwa mkononi na tabasamu lile ambalo limenigharimu vitu vingi maishani. Aliponiona akasimama. Alikuwa na namna ya kunitazama kana kwamba ametafuta kitu nyumba nzima na amekikuta kilipokuwa siku zote, na kwa sekunde moja nilisahau nilichotaka kumwambia.

"Vio, mbona umekuja? Nilikwambia upumzike mpaka Jumatatu."

"Kifurushi cha kuchapisha alikipika nani?"

Aliweka machungwa juu ya meza, taratibu.

"Kilikuwa kinagoma," akasema.

"Najua kilikuwa kinagoma. Nimeuliza alikipika nani."

"Mimi. Kwenye mashine yangu kiliiva mara ya kwanza tu. Nikajaribu kuchapa, karatasi ikatoka safi kabisa. Nikakitia saini yako, nikakipandisha mtandaoni."

Nilimgeuzia kioo cha kompyuta asome mwenyewe zile sitini na mbili. Alisoma kama kumi hivi, na niliona rangi ikimtoka usoni. Jay si mjinga, na sikuhitaji kumfafanulia. Mwaka jana aliweka kwenye kompyuta yake kipande fulani cha programu, akakisahau. Mapishi ya kifurushi kile hayakukitaja, na ndiyo sababu jiko langu tupu liligoma siku tatu. Jikoni kwake chumvi ilikuwepo tangu zamani, kwa hiyo chakula kikaiva vizuri, kwake peke yake.

Nikamuuliza kwa nini hakunisubiri. Alikaa kwenye ngazi, akafuta viganja kwenye suruali, akaniambia. Toleo jipya la Ukindu lilikuwa litoke Ijumaa, lisingetoka bila kifurushi kile, na ukurasa wa toleo una majina ya watunzaji wanne. Langu ni la pili. Vifurushi elfu moja mia moja na arobaini, Violeth Nandonde, Dar es Salaam. Alikuwa amemwomba mama yake aje kafeni Jumamosi saa tisa, ausome ukurasa ule kwa macho yake.

"Saa tisa ya leo?"

"Ya leo."

Niliangalia saa ya ukutani. Ilikuwa saa nane kasoro dakika tano.

Hapa lazima nieleze, msomaji, ili usimhukumu haraka. Kwa mwaka mmoja na nusu mimi na Jay tulikuwa tunapendana, na kwa mwaka mmoja na nusu mimi kwao Kisutu niliitwa fundi. Fundi amekuja. Mpigie fundi. Mama yake, Jasvanti, alikuwa mwanamke mwenye haya na msimamo, aliyeniitikia shikamoo vizuri na kunipita vizuri. Sebuleni kwao kulikuwa na picha ya msichana anayeitwa Vidhi, mfamasia wa Mwanza, na picha hiyo ilikuwa imekaa pale tangu Julai ikingojea Jay aseme ndiyo. Upande wetu nako hakukuwa na nafuu. Baba yangu alisema mwanaume ambaye hajawahi kupiga hodi kwake hamjui, na hawezi kumpa binti yake mtu asiyemjua. Kila mmoja alikuwa na ukuta wake, na sisi tulikuwa tunaonana kwenye uchochoro katikati.

Kwa hiyo nikikwambia moyo haukunilainika nilipojua sababu, nitakuwa mwongo. Alikuwa ameona njia moja tu ya kunipitisha mlango wa kwao, nayo ni kazi yangu. Alitaka mama yake asikie kutoka duniani kwanza, ndipo asikie kutoka kwake. Nilitaka kumwinukia na kumkumbatia. Kama angenyamaza hapo, labda ningefanya hivyo.

Akasema, "Andika umeme ulikatika."

Nikatikisa kichwa.

"Vio, nani atabisha? Wiki nzima kuna mgawo. Alhamisi ulikatika kweli. Andika kwamba umeme ulikatika katikati ya kupika, kifurushi kikaharibika. Watasema pole. Mama atafika, ataona jina lako, basi. Kesho utaandika ukweli wote, mimi nitakuwa hapa pembeni yako."

"Alhamisi ulikatika," nikasema, "na mashine yangu ilikaa kwenye betri mpaka jenereta ikawaka. Haikupoteza hata kifurushi kimoja. Miaka miwili, Jay. Joto, mgawo, panya wamekula waya mara mbili. Sijawahi kuandika neno umeme kwenye barua hata moja. Unajua kwa nini?"

"Najua."

"Hujui. Wale watu wa Ukindu wananingojea niliandike. Si wabaya, wananipenda, lakini wanalingojea. Nikiliandika leo, kuanzia leo kila nitakachokosea kitakuwa umeme, na kila nitakachopatia kitakuwa bahati."

"Ukiandika ukweli watakunyang'anya ufunguo."

"Ndiyo."

"Na mama atafika akute jina lako liko juu ya ukurasa kwa sababu ya kosa. Tutakuwa tumekwisha, Vio. Atarudi nyumbani ampigie simu mama yake Vidhi."

Hilo lilikuwa kweli, na liliniuma kuliko ufunguo. Nilimwona Vidhi wa watu akishuka kwenye ndege na hereni zake. Nilijiona mimi nikipitisha waya kwenye harusi yao. Utacheka, lakini mtu akipenda huwaza mambo ya namna hiyo.

"Nilifanya kwa sababu nakupenda," akasema, sauti imeshuka.

"Najua. Ndiyo maana bado nimekaa hapa. Lakini sikiliza, Jay. Uliweza kuandika jina langu kwenye kazi ambayo sikuifanya, dunia nzima ilione. Jina hilohilo hujawahi kulitamka mezani kwenu."

 Alinitazama, macho yakamjaa machozi, na mimi nikageuza kiti changu nikaiangalia mashine, kwa sababu kama ningeendelea kumwangalia ningeandika umeme.

Kwanza niliondoa kifurushi kibovu. Kisha nikayafungua mapishi, nikaongeza mstari mmoja uliokosekana, nikairudishia mashine. Ikasafisha jiko, ikaanza kupika, na feni yake ikapiga ile sauti yake ya kukoroma. Ingechukua dakika arobaini. Katika dakika hizo nikaandika barua kwenda kwa wote, kwa Kiingereza, na chini yake kwa Kiswahili kwa ajili ya Sista. Nilisema kifurushi cha kuchapisha kilichopandishwa jana ni kibovu na nimekiondoa. Hakikupikwa na mashine ya Kariakoo. Kilitiwa saini yangu nikiwa mgonjwa, kwa sababu mwezi wa tatu nilimpa mtu neno langu la siri. Kumpa lilikuwa kosa langu, wala si la umeme. Kifurushi kipya kinaiva, nacho kinapikwa kwenye jiko tupu. Kanuni kuhusu ufunguo naijua. Nikamalizia na majina yangu yote matatu, Violeth Ignasi Nandonde.

Jay alisoma juu ya bega langu. Nilihisi pumzi yake shingoni.

"Hujanitaja," akasema.

"Siyo kazi yangu kukutaja."

Nikabonyeza, ikaenda. 

Tuliposikia kiatu kwenye sakafu, wote tuligeuka. Mama Jay alikuwa amesimama karibu na kompyuta ya kwanza, sari ya kijani, pochi kwapani, amewahi kabla ya saa tisa. Sijui alikuwa pale tangu lini. Nilisimama nikamwamkia, akaniitikia. Wateja wawili waliokuwa mbele waliona hali, wakaanza kuangalia vioo vyao kwa bidii isiyo ya kawaida.

"Nimeitwa kusoma kitu," akasema. Alizaliwa Lindi, dukani kwa baba yake, na Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko changu. "Kiko wapi?"

 Ukurasa wa toleo ulikuwa mbele yetu na juu yake palikuwa pameshatokea tangazo jekundu lenye barua yangu. Ningeweza kuufunga. Badala yake nikamvutia mama kiti, nikamwambia naomba nimsomee mwenyewe. Nikasoma, kwa Kiswahili, tangu salamu kwa ndugu wa Ukindu mpaka jina langu. Nilisoma kwa sauti iliyonyooka. Baba yangu angenisikia angetembea kifua mbele wiki nzima.

Nilipomaliza, mama aliuliza, "Huyo mtu uliyempa siri ni nani?"

 Nilimwangalia Jay, na nakuapia sikumwangalia kwa kumtisha. Nilimwangalia kwa kumwomba. Kila kitu nilichokuwa nacho, upendo wangu wote na mwaka mmoja na nusu, kilikuwa kimesimama pale kikingojea mwanaume mmoja afumbue mdomo.

Jay alipiga magoti chini ya ngazi mbele ya kibodi, vumbi la pale likampaka kifuani, maana kiti kilikuwa kimekaliwa na mama yake. Akaandika chini ya barua yangu, mama anaona, herufi moja moja. Mtu huyo ni mimi, Jay Solanki. Nilitumia saini ya Violeth bila kumwambia, nikapandisha kifurushi ambacho mashine yake ilikuwa imekikataa mara tatu. Mashine ilikuwa sahihi. Akatuma. Kisha akainuka, na kitu alichosema hakukisema kwa Kigujarati cha nyumbani kwao bali kwa Kiswahili, nami nisikie.

"Mama, huyu siyo fundi. Anaitwa Violeth. Ndiye ninayempenda, na nimemharibia kazi yake kwa sababu niliona aibu kukwambia jina lake kavukavu. Nilitaka ulisome kwanza mahali pakubwa."

 Mama alifungua pochi, akatoa leso, akairudisha bila kuitumia. Mteja mmoja alisahau kujifanya haangalii.

Mashine ndiyo iliyotutoa kwenye ukimya ule. Ilipiga mlio mfupi: kifurushi kimeiva. Nilikijaribu kwenye kompyuta nne za wateja, na printa ikatoa karatasi nne, zote safi. Lakini nilipotaka kukitia saini, mashine ikagoma. Barua kutoka kwa Sophia, mratibu wa Ukindu, aliyekuwa akiishi Denmaki na ambaye sijawahi kumwona, ilikuwa imeshafika. Nilimtafsiria mama kila neno, kwa kuwa nilikuwa nimeshaanza.

"Violeth, ufunguo wako nimeufuta leo saa saba na nusu za kwetu. Mashine ibaki Kariakoo. Kwa miezi mitatu utapika wewe na nitatia saini mimi, baadaye uombe upya kama mtu yeyote. Kifurushi kipya nimekiona, ni kizuri, nimekitia saini sasa hivi. Kazi hii naifanya mwaka wa saba. Nimepokea sababu nyingi za vifurushi kuharibika. Hii ni mara ya kwanza mtu ananiletea jina lake mwenyewe kabla sijauliza."

Hapo nililia. Sikulia kwa kushindwa. Miezi mitatu bila saini yangu ilikuwa inaniuma, inaniuma hata leo nikiikumbuka, lakini chini ya maumivu yale kulikuwa na kitu kigumu ambacho hakuna mtu angeweza kukifuta kutoka Denmaki wala Kisutu. Walikuwa wamechukua ufunguo wa mtu mkweli. Sista wa Songea angechapa mitihani yake jioni hiyo, na asingekuwa na sababu ya kunionea huruma.

Mama Jay alinitazama nikilia. Hakunibembeleza, na nilimshukuru kwa hilo.

"Ungeandika umeme, nani angejua?" akaniuliza. Basi nikafahamu kwamba alikuwa amesimama pale muda mrefu kuliko nilivyofikiri.

"Hakuna, mama."

"Na mwanangu ndiye aliyekushauri."

"Ndiyo, mama."

Aligeuka kumwangalia Jay. Nimeona watu wakigombezwa kwa makelele Kariakoo tangu utoto wangu, lakini sijaona mtu akigombezwa kama Jay alivyogombezwa kimya kimya siku ile. Alimwambia amemchukua mtoto wa watu, amelala na homa, akaenda kulichafua jina lake mbele ya mataifa, kisha anamletea machungwa. Akamuuliza kama hivyo ndivyo alivyolelewa. Jay alisema hapana. Akamwambia asimame wima anapomjibu.

"Sijasema nimekubali kitu," mama akaendelea, akinyoosha kidole kwetu sote wawili. "Picha ya Vidhi iko palepale sebuleni. Baba yako hajui lolote, na akijua atakuwa na lake la kusema. Nasema hili tu. Ukilichafua jina la mtoto wa watu, unakwenda kwa wazazi wake kuomba radhi, siku hiyohiyo, kabla hawajasikia kwa wengine. Lindi tulifanya hivyo, na hapa tutafanya hivyo." Akanigeukia. "Kwenu ni wapi?"

Kwa mwaka mmoja na nusu hakuwa ameniuliza swali hilo.

"Tunakaa Mchikichini, mama. Asili yetu Ndanda."

"Baba anaitwa nani?"

"Ignasi Nandonde."

"Nandonde," akalirudia, na akalitamka sawasawa, kama mtu aliyekua akiyasikia majina ya kusini. Aliinuka, akaitengeneza sari begani, akaenda mpaka ngazi zinapoanzia na kumwita mumewe. Mzee Chandu akauliza kutoka chini kuna nini, ana wateja. Mama akamwambia awamalize hao waliopo, afunge duka.  Ilikuwa Jumamosi, saa kumi kasorobo, Mtaa wa Uhuru umejaa watu mpaka barabarani, na duka lile halikuwahi kufungwa saa kama ile ila kwa msiba. Mzee akauliza nani amekufa. Mama akasema hajafa mtu, kuna nyumba wanakwenda, atamweleza njiani.

Nilisikia mlango wa chuma ukianza kushushwa. Jay alinitafuta mkono, nikampa. Mkono wake ulikuwa wa baridi kuliko wangu, na mimi ndiye niliyekuwa mgonjwa.

Mama yake alirudi, akautazama mkono ule, akaupita. Akamwangalia mwanawe kutoka kichwani mpaka miguuni, akafika kwenye lile vumbi la chini ya ngazi.

"Kabadilishe shati," akamwambia. "Hatuendi kwa Mzee Nandonde na wewe ukiwa hivyo."